Mayi Haiyaiva

Muzee ambaye wote pa oteli wanamuita Tata, anayechunga akwariamu, ile sanduku ya kioo ya samaki pa mapokezi ya oteli, hanawi na sabuni. Anasema povu kidogo tu inaua samaki. Lakini samaki haziko. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi anatupa chakula kidogo mu mayi tupu, kioze, kizae vidudu vya kuisafisha. Kisha anachovya kikaratasi cha kupima mayi, anaona bado kinageuka chekundu, anatikisa kichwa. Patron, mwenye oteli, anamucheka: "Tata, unalisha nani?" Anajibu polepole, kama kuko mutoto analala karibu: "Mayi haiyaiva, patron. Samaki itakufa."

Jana nilimusindikiza Mama, anayefua mashuka hapo hapo; alimuletea Tata chupa ya mayi ya kisima chetu, kule chini ya mgodi, sababu mudogo wangu Noëlla anaharisha tangu Pasaka. Tata akachovya. Kikaratasi kikawa chekundu kuliko siku zote. Akapangusa vidole kwa suruali, mara mbili.

"Mama, mu hii mayi mi siwezi tia samaki."

"Na Noëlla?"

Akageukia kioo chake, akaanza kupangusa pahali palipokuwa safi. Tukarudi na chupa yetu. Kisima kingine hatuna. Jioni Mama alimupikia Noëlla uji na mayi ile ile.