Matofali ya Jiko la Motria

Baba mkwe wangu, Yukhim, alikuwa fundi wa majiko, na sijaona mtu mkaidi kumshinda. Katika kijiji chetu cha zamani, kilomita kumi na nane kutoka kwenye mtambo wa nyuklia, hakukuwa na nyumba isiyo na jiko lake: jiko kubwa la matofali, na juu yake kitanda cha kulalia wakati wa baridi. La kwanza kabisa alimjengea mkewe, Motria. Mume wangu alizaliwa juu ya jiko hilo.

Kisha wahandisi wakafanya jaribio lao. Walitaka kujua kama umeme ukikatika mtambo utaweza kujipoza kwa muda, wakazima vifaa vya usalama ili jaribio lisikatizwe. Mtambo wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo wakubwa waliijua wakaikalia kimya. Ukalipuka. Sisi wa vijijini tuliambiwa baada ya siku nane. Siku zote hizo Motria alikuwa akipanda viazi na kuwasha jiko kwa kuni za uani, zilizokwisha kuangukiwa na vumbi lile. Hilo silisamehe mpaka leo. Tukapakiwa kwenye mabasi, eti tutarudi baada ya siku tatu.

Motria alikufa mwaka uliofuata, katika makazi mapya. Daktari aliandika ni moyo. Mimi nasema ni kutamani nyumbani kwao. Akiwa maiti tuliruhusiwa kumrudisha. Ndivyo ilivyo: kuishi kule ni marufuku, kuzikwa ruksa, na wiki moja baada ya Pasaka tunafunguliwa geti tukale na wafu wetu.

Kila mwaka siku hiyo Yukhim alichepuka kutoka makaburini, akaingia kwenye nyumba yake iliyooza, akarudi na matofali manne ya jiko la Motria, ameyaficha kikapuni chini ya mkate wa Pasaka. Baada ya miaka kumi yakawa arobaini, kitanda kizima cha jiko. Akaanza kujenga sebuleni kwangu.

"Solomia atalala alipolala bibi yake," alisema. Solomia ni binti yangu, wakati huo alikuwa na miaka sita.

Nilikwenda shuleni kuazima kipima mionzi. Nilipokiweka juu ya kitanda kile, kililia mfululizo mpaka mtoto akaziba masikio.

"Kibovu hicho," akasema Yukhim. "Kingelia hata juu ya kaburi la Motria."

"Kingelia, ndiyo! Lakini Solomia si maiti, Baba."

"We Oryna, ulimi wako huo!"

"Ulimi wangu, na mtoto wangu."

Akaninyang'anya kile kipima. Akakiweka dirishani, kimya. Akakiweka kwenye mkate, kimya. Akakirudisha kwenye matofali, kikaanza tena. Basi akachukua nyundo. Solomia akadhani ni mchezo, akakimbilia tofali la kwanza lililoanguka.

"Usiguse!" Yukhim alifoka, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mtoto huyo sauti. Kisha akakaa sakafuni na mikono yake yenye udongo, akalia, nami nikaona aibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Pasaka iliyofuata tulimwacha Solomia kwa jirani, tukaenda na magunia mawili ya matofali.

"Mzee," polisi wa getini akacheka, "wenzako wanaiba vitu wakitoka, wewe unaingiza?"

"Nayarudisha kwao."

"Na wewe mwenyewe utarudi lini?"

"Mpaka nife, mwanangu. Sheria si zenu?"

Polisi alifungua geti. Alitupungia mkono tupite.

Yukhim aliyapanga matofali yote arobaini kando ya kaburi la Motria, kwa ufundi wake ule ule, kila ukingo umenyooka. Akajilaza juu ya matofali hayo na buti zake, akafumba macho, sisi tukimenya mayai pembeni.

"Oryna, pananitosha."

"Inuka, Baba. Pana baridi hapo."

"Najua. Niache kidogo."

Tukamwacha mpaka basi lilipopiga honi ya kuondoka. Ikabidi mimi nimshike mkono mmoja, mume wangu mwingine, tumtoe.