Kola Iliyokula Ufunguo

Jina la Bi Sentimita hakupewa kwa mapenzi. Wateja walimbandika kwa sababu nguo ikikosea nusu sentimita yeye huifumua yote, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni na viatu mkononi. Miaka thelathini na minne ameshona katika chumba kile kile chenye meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili na boksi la karatasi. Hilo boksi ndilo litakalotutia matatani, kwa hiyo tulijue mapema. Bi Sentimita hatupi karatasi. Barua, kalenda ya mwaka juzi, mwaliko wa harusi iliyokwisha, chochote chenye upande mweupe kwake ni karatasi ya kukatia violezo vya kuweka juu ya kitambaa.

Mikono ilipoanza kumtetemeka, aliamua kuandika kitabu cha ukataji, chenye michoro yake mwenyewe, kabla haijamgomea kabisa. Alichora kwa miaka minne. Binti yake kila alipokuja aliipiga picha michoro hiyo, akaiingiza kwenye kompyuta na kuzifuta picha kwenye simu, kisha wakaandika maelezo pamoja. Na ile michoro ya karatasi? Si ilishaingia kwenye kompyuta, ya nini tena? Ikaenda kwenye boksi, ikageuka kuwa violezo vya mikono na mifuko ya magauni ya watu. Binti alimsihi aweke nakala kwenye flashi.

"Kitu chenyewe kidogo kama kifungo," alijibu, "na vifungo ndivyo vinavyopotea humu ndani kila siku."

Hapo alikosea, tena kwa kiburi, wala sitamtetea.

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya kukipeleka kitabu kwa mchapaji, kompyuta ilijisasisha bila kumuuliza mtu, ikazima, ikawaka na kioo cha buluu. Ilitaka ufunguo. Bi Sentimita alipekua droo zote, akapata ufunguo wa kabati na wa kufuli ambalo hakumbuki lilikuwa la nini. Aliizungusha kompyuta pande zote nne.

"Ufunguo gani, nawe huna hata tundu?" aliifokea.

Akaitia kwenye mfuko na kuipeleka kwa fundi kompyuta, bwana mpole ambaye miwani yake imeungwa kwa gundi.

"Diski imejifunga, mama," fundi alisema. "Yaliyomo yote yamegeuzwa fumbo. Bila ufunguo wake wa tarakimu arobaini na nane hayasomeki."

"Nani kaifunga?"

"Imejifunga yenyewe, tangu siku ya kwanza. Siku hizi zinakuja hivyo. Ni usalama, mwizi akiiba asione mambo yako."

"Mwizi haoni, na mimi sioni! Sasa huo usalama ni wa nani?"

Fundi akafunga kifuniko cha kompyuta.

"Tusidanganyane, fundi kwa fundi," Bi Sentimita alisema. "Ing'oe hiyo diski, unitolee kitabu changu."

"Hata nikiing'oa nitapata vurugu tupu. Nani aliiwasha mara ya kwanza? Namba zilikwenda kwenye akaunti yake."

Aliyeiwasha ni mkwe wake. Akampigia hapo hapo, kwa sauti iliyowageuza vichwa watu wa duka la jirani. Mkwe alieleza kwa adabu kwamba alitumia akaunti ya kazini, kazi hiyo aliiacha, na akaunti ilishafutwa.

"Lakini mama, zile namba nilizichapisha. Nilikupa karatasi mkononi, nikakuambia uitunze."

"Ulisema karatasi ya kompyuta! Hukusema ufunguo!"

"Nilisema ni muhimu, mama."

"Kila anayenipa karatasi anasema ni muhimu!"

Akakata simu. Ndipo alipoikumbuka: karatasi ngumu, nyeupe pe, isiyo na mkunjo. Na alijua vizuri karatasi nzuri kama hizo huwa anazipeleka wapi.

Yeye na binti yake walilimwaga boksi lote mezani, wakawa wanageuza kipande kimoja kimoja. Nyuma ya kiolezo cha mkono wa blauzi Bi Sentimita aliona nusu ya mchoro wake, kidole gumba kimeshika chaki, mistari imenyooka kama alivyokuwa akiichora zamani. Alikiweka kando haraka. Alasiri binti akapaza sauti. Nyuma ya kola ya duara kulikuwa na namba.

Wakazihesabu. Zilitakiwa ziwe mafungu manane ya tarakimu sita sita, nayo yalikuwa sita. Mafungu mawili yalikuwa pale mkasi ulipopita kuitoa shingo, na kipande cha shingo kilifagiliwa siku ile ile, maana Bi Sentimita havumilii takataka sakafuni. Binti akampigia fundi.

"Ikikosekana hata tarakimu moja haifunguki," fundi alisema.

"Nikikisia?" Bi Sentimita aliuliza kwa mbali.

"Utakisia mpaka wajukuu zako wazeeke, mama."

Binti aliishika ile kola. "Lakini shingo imekaa sawa kweli, mama."

"Imekaa sawa," alisema Bi Sentimita, na machozi yakamtoka. Aliilaani kompyuta, akamlaani aliyeitengeneza, akamlaani na mkwe kidogo, kisha akaishia hapo, kwa kuwa aliyebaki kulaaniwa alikuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake alinunua daftari jipya, lenye kurasa zilizojaa mistari pande zote mbili. Akakaa kwenye meza ya kukatia, akaandika juu: Somo la Kwanza. Chini yake akaandika: Kabla ya kukata karatasi, igeuze, usome upande wa pili. Kisha akachora mkasi. Mkono ulitetemeka, mstari ukapinda karibu sentimita nzima. Aliutazama, futi ya kupimia ikiwa shingoni mwake, kifutio pembeni. Akauacha hivyo hivyo, akafungua ukurasa wa pili.