Sufuria Hairudi Tupu

Kwa mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kutafuta uchafu katika nyumba za watu waliokuwa wakiusafisha kwa sababu nimekuja. Tulikuwa tunatafuta risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri za magari. Yakiingia kwa mtoto mdogo hayamletei kikohozi wala homa. Yanampunguzia akili polepole, na mzazi hajui kamwe ni nini kilichopungua. Utafiti ulikuwa wa nchi nyingi. Wenzetu wa mbali walipewa rangi za ukuta na viungo vya chakula, sisi tukapewa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, pale Thika, vumbi na damu ya watoto.

Basi Jumatatu tunamwarifu mama mwenye nyumba kwamba Jumatano tutakuja kuchukua vumbi la sakafuni. Jumatano tunakuta chumba kimepigwa deki mpaka saruji inang'aa, na mama amevaa nguo ya kanisani. Mgeni hakaribishwi kwenye vumbi, hata kama ni hilo vumbi alilolifuata. Mmoja, nilipomweleza kwa mara ya tatu kwamba ninalihitaji kweli, alinionea huruma, akaenda kwa jirani akarudi na vumbi kwenye kijiko. Nilimshukuru, na kwenye fomu nikaandika kwamba halifai.

Mimi mwenyewe naishi Kiuu, upande wa Ruiru, ghorofa ya tatu, sakafu ya vigae. Kwa hiyo msimamizi wetu, mwanamume mpole anayependa kula, alipotaka mtoto mmoja wa kujaribia mashine ya damu kabla hatujaanza kazi, mtoto ambaye hatumshuku kwa lolote, nilimtoa binti yangu bila kufikiri. Alikuwa na miaka minne. Akatobolewa kidole, tone likaingia kwenye mashine, tukangoja dakika chache. Ikatoa namba ambayo, kwa mtoto wa mtu mwingine, ingetufanya tupige simu hospitali papo hapo.

Tulicheka. Nataka kulisema hilo wazi kwa sababu bado linaniuma. Msimamizi alisema kidole kilikuwa kichafu, maana uchafu wa ngozi unaweza kuidanganya mashine. Tukamwosha mtoto mikono mara nne, watu wazima watatu tumeinama juu ya karai moja, mmoja akishika sabuni, mmoja akishika brashi ya kucha. Namba ikarudi ile ile. Basi tukakubaliana kwamba mashine ni mbovu, ikapelekwa Nairobi kwa fundi. Ikarudi na barua inayosema ni nzima. Tukaipeleka tena, tukamwomba fundi aangalie vizuri.

Wiki zikapita hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha akina mama wa Kiandutu kwamba risasi haichagui, na kila jioni nikirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba inachagua. Hatimaye damu ilichukuliwa mkononi ikapelekwa maabara, na maabara ikakubaliana na mashine. Siku hiyo niliketi kwenye ngazi za ploti nikashindwa kupanda. Niliogopa sana. Nilianza kukumbuka kila neno ambalo mwanangu alichelewa kulisema.

Msimamizi na mwenzetu mmoja wakawa wanakuja kwangu kila Jumamosi, siku yao ya mapumziko, na mashine nyingine ya mkononi inayofanana na drili ya seremala. Hiyo inaelekezwa kwenye kitu nayo inasema kina madini gani. Tulipima kuta, kitanda, mapazia, funguo, wanasesere, herini zangu, kopo la bizari. Tulipima Biblia, kwa sababu jalada lake lilikuwa la rangi ya dhahabu. Hakuna kitu.

Na watu wakikufanyia kazi nyumbani kwako hawaondoki na njaa. Kila Jumamosi nilikuwa nawapikia githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria yangu kubwa. Msimamizi alikuwa akiweka mashine mezani, kando ya ile sufuria, anajipakulia, anarudia, anasema githeri yangu ina utamu ambao hajauonja kwingine. Binti yangu alikuwa anakaa magotini pake wakila sahani moja. Fomu yetu ilisema vyombo vya kupikia vipimwe vikiwa vitupu na vikavu. Sufuria hiyo haikuwahi kuwa tupu tukiwa na wageni, na wageni ndio waliokuwa wapimaji.

Jumamosi ya nne gesi iliisha. Nikaosha sufuria nikaifunika kwenye meza ya jikoni, nikaagiza mtungi, mtungi ukachelewa. Msimamizi akawa anazungukazunguka kwa njaa. Kwa kukosa la kufanya akaielekeza ile drili kwenye tako la sufuria. Akaangalia kioo cha mashine. Akapima tena. Kisha akashika tumbo lake.

"Hii uliitoa wapi?" akaniuliza.

"Ni ya itega," nikasema.

Itega ni siku ambayo wanawake wanamletea mwenzao vyombo vya nyumba. Yangu ilifanywa na kikundi cha mama mkwe wangu, kutoka kijijini kwake Ngoliba. Walipanda mpaka ghorofa ya tatu wakiimba, kila mmoja na chake, na mama mkwe, mwenyekiti wao, akiwa na sufuria hiyo kichwani. Si ya kiwandani. Fundi mmoja wa Thika huzimimina kutokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, fremu za madirisha, vipande vya injini, na chochote kingine kilichoanguka kwenye lile rundo. Wanawake wanazipenda kwa sababu ni nzito na haziunguzi. Kila mke wa mtoto wa mwanakikundi alikuwa amepewa moja.

Nikaenda Ngoliba. Njia nzima niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa kusubiri majibu ya maabara, maana zawadi ya itega hailalamikiwi. Ukiilalamikia umemlalamikia aliyekupa.

"Mami," nikamwambia, "ile sufuria ina sumu."

Akanitazama. "Kama hukuipenda ungesema siku ile."

"Niliipenda. Nimeipikia mpaka juzi. Sumu imeingia kwa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu wetu."

Binti yangu ana jina la mama mkwe. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na yeye hajawahi kumwita kwa jina hilo, anamwita Mimi. Mimi ameamka? Mimi amekula? Alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Akaweka ungo chini.

"Kwa hivyo ni mimi nimejipikia," akasema.

Hakulia, wala hakunilaumu. Alichukua simu akapigia wanawake wa kikundi mmoja mmoja, akiwaambia wazirudishe zile sufuria kwake Jumamosi, na walete watoto wapimwe. Nilimkumbusha aseme ni kwa sababu ya sumu. Alisema ataeleza wakifika, sumu si habari ya simu. Nikanyamaza, mimi niliyesoma, kwa sababu nilikuwa nimeshamuudhi vya kutosha.

Jumamosi tukafika na msimamizi, mashine ya damu na fomu za wazazi kutia sahihi. Wanawake wakaja kutoka pande zote katika jua kali la Ngoliba, wengine na wake za watoto wao, sufuria zimefungwa kwa leso. Zikapangwa chini ya paa la mabati. Nikaona moja inatoa mvuke.

Nilifungua leso ya kwanza. Ndengu. Ya pili, githeri yenye viazi. Ya tatu mukimo wa viazi vya kuponda, umelainishwa vizuri juu kwa mwiko. Zote zilikuwa zimejaa, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelelewa vibaya. Walikuwa wameamka mapema kupika. Watoto walikuwa wameshaonja njiani.

Msimamizi, ambaye miezi yote hiyo sikuwahi kumwona akikataa chakula, alirudi nyuma hatua mbili. Nikaanza kueleza. Nikasema habari ya fundi, vyuma, damu, akili za watoto, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mjinga, mtu wa Kiuu amesimama mbele ya chakula cha wakulima akiwaambia kisiliwe. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kama sumu iko kwenye sufuria au kwenye ndengu, maana ndengu ni za shamba lake. Mwingine akasema wakoloni nao walianza hivyo. Wengine wakacheka, mimi pia nikacheka, kisha nikaona siwezi kuacha, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya wazazi wa watu.

Mama mkwe aliinuka. Ngoliba mvua huwapita miaka mingine, na huyo mwanamke nimemwona akiokota punje ya mahindi iliyodondoka njiani. Akachukua sufuria ya kwanza, ya rafiki yake wa tangu ujana, akaibeba mpaka kwenye shimo la taka akaimwaga. Akarudi akachukua ya pili. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye leso, akawaita watoto waje.

Walikuwa saba. Tuliwaosha mikono kwa sabuni, wakajipanga mstari, yeye akawa anamshika kila mmoja kidole mwenyewe huku akimwambia ni kama kuumwa na siafu. Hakuwa amevaa miwani, kwa hiyo namba za mashine hakuziona. Alikuwa anatazama uso wangu. Nilijitahidi kuufanya uwe wa kawaida, nikajitahidi kwa nguvu zangu zote.

Baada ya mtoto wa tatu akaacha kunitazama. Akaendelea tu kuwashika vidole.