Niliandika "on behalf of" nikamtaja asiye mwenye maneno

Wakuu, ndaga kwa kunipa nafasi. Hili lilinikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Nimezurura sana. Kiingereza nilikipata kwa wamisheni ng'ambo ya mto Songwe, nikafika darasa la juu. Migomba ya Njisi iliponijia sana moyoni nikarudi nyumbani, huku kwa Wadachi, hawa Wajerumani. Watu wakaanza kuniletea barua zao za kwenda upande wa Mwingereza.

Siku moja akaja Tumpe. Mumewe, Ambakisye, yuko kwenye mkataba shamba la kahawa huko Nyasaland. Baba mkwe wa Tumpe ni mahututi, anataka kumwona mwanawe kabla hajafa. Bwana mwenye shamba aombwe ruhusa.

Nikachovya kalamu. "Jina la mzee?"

Akageuzia uso ukutani.

"Dada, jina."

Akajifunika uso kwa nguo yake.

Nikajiambia huyu ana lake na mkwewe. Basi nikaandika kwa mbwembwe: I write on behalf of Tumpe, wife of Ambakisye. Yaani, naandika kwa niaba ya Tumpe. Kiingereza safi, hata leo nakitetea.

Jibu likaja: kila mke humtaka mumewe, amalize mkataba.

Nikalipeleka kwao, nikalalamika kwamba Tumpe alikataa kunitajia jina la mzee. Mama mkwe alinicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe! Ugali wa ugenini umekusahaulisha kwenu? Mkamwana anamtajaje baba mkwe? Hata njia anayopita mzee, yeye anaikwepa!"

Aibu, wakuu. Mila niliyokulia.

"Anaitwa nani, mama?"

"Mwaisumo. Andika, acha kunikodolea macho."

I write on behalf of Mwaisumo, who is dying and asks for his son.

Sentensi moja tu: kwa niaba ya Mwaisumo, anayekufa na anamwomba mwanawe. Bwana shamba akamwachia.

Ambakisye alimkuta baba yake bado anaongea. Mzee akamtania, "Ndevu hizi umemwibia nani?" Nyuma ya ukuta wa mianzi Tumpe alikuwa anasaga. Akasimamisha jiwe ili asikie.

Siku ya nne tukazika. Mwana ndiye aliyetia udongo wa kwanza.

Kwa hiyo wakuu, phrase hii itumieni bila woga. Ila jina linalofuata liwe la mwenye maneno, si la aliyetumwa kuyaleta. Mimi kwa kujua Kiingereza tu, nusura mzee azikwe bila mwanawe.

Nanyi mnaoandikia watu barua, mmewahi kuteleza hivi? Wekeni yenu hapa chini, mimi nasoma yote.