Shali Juu ya Mashine ya Gemu

Sijawahi kupenda kufungwa, hata na mzee. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa namwachia baba mkwe ashinde kwa heshima. Heshima nilimpa kwa njia nyingine zote: nilipiga magoti nikimsalimu, nilimtengea chakula nikaondoka, sikumkazia macho. Lakini kwenye mpira wa gemu, kila mtu na timu yake.

Alihamia kwetu, mtaa wa Ramadhani hapa Njombe, baada ya mama mkwe kufariki. Maisha yake yote alikuwa seremala kule Uwemba, mtu wa misheni, na nyumba yake haikukosa watu. Kwetu alinikuta mimi peke yangu, maana mume wangu anafanya kazi Ludewa na huja mwisho wa mwezi. Basi fikiria: mkamwana na baba mkwe ndani ya nyumba moja, na mila inataka wasizoeane. Yeye alikaa sebuleni akitazama ukungu dirishani, mimi nikakaa jikoni. Tuliweza kumaliza siku nzima kwa "kamwene" ya asubuhi na "lala salama" ya jioni. Nilimhurumia, nami nikajihurumia.

Kilichotuokoa ni mashine ya gemu ya mume wangu, aliyoinunua mtumba ili acheze akiwa nyumbani, mtu mzima na ndevu zake. Alimfundisha baba yake kidogo, kisha akarudi kazini. Siku moja napeleka chai nikamkuta mzee ameshika pedi, anacheza peke yake, na mashine inamfunga ovyo. Bao la kwanza nikavumilia. La pili nikajikaza kisabuni. La tatu likanishinda. Nikaweka chai mezani, nikavuta kigoda, nikashika pedi ya pili.

Tukagundua jambo. Wawili wanaocheza gemu hawatazamani. Wote wanatazama televisheni. Wala si lazima waongee wao kwa wao, wanaweza kuongea na wachezaji.

"Wewe namba tisa," mzee alimwambia mchezaji wake, "kipa wa jirani ana kiburi. Mpige shuti."

Nami nikamwambia kipa wangu, "Usimsikilize, huyo hata kona hajui kupiga."

Mila haikuvunjwa, na nyumba ikapata sauti. Kila jioni baada ya chai tuliwasha mashine. Kupitia namba tisa nilijua kwamba mzee hapendi pombe ya ulanzi, kwamba utotoni aliogopa mbwa, na kwamba marehemu angecheka sana kutuona. Tukimaliza, alitandaza shali juu ya mashine, akaipigapiga na kuiambia ilale. Mimi nilidhani anazuia vumbi.

Halafu mashine ikafa. Feni ilinguruma, taa ikageuka nyekundu, ikazima katikati ya mechi, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Fundi wa karibu aliifungua, akaifunga, akasema bodi imeungua, ninunue nyingine. Mzee alisema hakuna neno, akarudi dirishani kwake. Baada ya siku chache akaanza kulia chakula chumbani. Hapo ndipo nilipoogopa. Mashine yenyewe sikuililia. Nilimlilia mzee ambaye alikuwa ameanza kuongea.

Mimi nauza viazi, na kila wiki napeleka mzigo Makambako. Nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikaondoka nayo. Karibu na stendi kuna fundi wa gemu na kompyuta, mnene, anayejisifu kabla hujamuuliza. Upepo wa Makambako ulikuwa unatikisa bati za kibanda chake, naye akapaza sauti kuushinda.

"Mama, hapa umefika mwisho wa matatizo."

Akalegeza skrubu, akachungulia ndani, akaacha kujisifu. Akachukua kibano, akavuta donge la nyuzi za kijani.

"Mama, humu ndani mnafuga kondoo?"

"Kondoo gani?"

"Hii ni sufu. Feni imeivuta mpaka imekwama. Mashine ikakosa hewa, ikapata moto, ikajizima. Bodi ni nzima kabisa. Mnaifunika na nini?"

Ule ukijani niliujua. Ilikuwa shali ya mama mkwe, aliyokuja nayo mzee kutoka Uwemba ndani ya sanduku lake. Kila jioni aliifunika mashine ikiwa bado na taa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kuizima kabisa. Kumbe alikuwa anaikinga na baridi ya Njombe.

Fundi aliisafisha, akapaka dawa ya kupozea, akaiwasha mbele yangu. Ikawaka bila kelele.

"Mwambie aliyeifunika asirudie," akasema. "Usipomwambia, wiki ijayo tutaonana tena."

Kusema ni rahisi ukiwa Makambako. Mkamwana hamkosoi baba mkwe, sembuse kumwambia kwamba shali ya marehemu mkewe ndiyo iliyoharibu mashine. Nikafikiria kumpigia simu mume wangu aseme yeye. Lakini mdomo wa mume wangu hauna breki. Angecheka kwanza, kisha angesimulia Ludewa nzima. Nikisema vibaya, mzee angerudi dirishani kwa aibu, na safari hii hakuna fundi ambaye angemtoa huko. Nikinyamaza, mashine ingekufa tena. Njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua.

Jioni tukawasha. Mzee alijiweka sawa kitini, akasugua mikono, nikafurahi hata kabla ya filimbi. Tukacheza kipindi cha kwanza, shali ikiwa imekunjwa mapajani mwake. Kilipoanza cha pili, nikakohoa.

"Kipa wangu leo ana neno," nikaiambia televisheni. "Anasema kule Makambako alimkuta fundi. Fundi anasema mashine haisikii baridi kama watu. Yenyewe huumwa na joto. Ikifunikwa inakosa pumzi."

Namba tisa akasimama katikati ya uwanja. Kipa wangu naye alikuwa amesimama tu. Nilisikia mkaa ukilia kwenye jiko.

"Namba tisa," mzee akasema, "mwambie kipa tumesikia."

Kisha akapiga shuti, likaingia, nami sikuwa tayari. Nikanuna kama kawaida yangu. Tulipomaliza alisimama mbele ya mashine na shali mkononi, akakumbuka, akaikunja upya na kwenda nayo chumbani. Nilibaki nahisi nimemnyang'anya kitu.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukata masikio. Nilipoleta chai nikakuta shali imewekwa juu ya kigoda changu. Nikasimama, sijui nikae wapi. Mzee alikuwa ameshashika pedi, macho kwenye televisheni.

"Namba tisa," akasema, "mwambie kipa ajifunike. Anayesikia baridi ni yeye."

Nikajifunika. Siku hiyo alinifunga mabao mpaka nikapoteza hesabu, na sikununa hata kidogo.