Ekisa na Dau la Baiskeli

Paulinus Ekisa alihamia Burumba kutoka Chakol akiwa na baiskeli moja, bibi mmoja na mdomo wa watu sita. Baiskeli ilikuwa nzuri. Bibi, Adeke, alikuwa mzuri kuliko baiskeli. Huo mdomo ndio ulionitia mvi, na mtu akikuambia ni uzee, mkatalie.

Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, kwa hivyo akikohoa, mimi ndiye niliyekunywa maji. Kazi yake ilikuwa boda boda, kuvusha watu na mizigo mpaka upande wa Uganda. Kufanya kazi alijua, simnyimi hiyo. Siku moja alivusha mama mnono wa Tororo, cherehani yake, mikungu mitatu ya matoke na jogoo, wote safari moja, na ni jogoo peke yake aliyelalamika. Mwaka ule wa mvua kubwa, tisini na saba kuingia tisini na nane, maji yalijaa Burumba hadi kambare wakawa wanapita mlangoni kuuliza bei ya nyumba. Ekisa bado alitoka kwenda kazini.

Ni gemu iliyomharibu.

Mulama, mwenye nyumba ya video pale karibu na soko, alileta mashine kutoka Kampala. Unaichomeka kwenye televisheni, watu wawili wanashika pedi zenye vifungo, na kwenye kioo askari wawili wanatafutana na bunduki katikati ya kuta. Ukimpiga mwenzako risasi kumi, umechukua raundi. Ukichukua raundi mbili, umeshinda. Hiyo tu. Wanaume wenye ndevu na ng'ombe nyumbani wakaanza kulipia hiyo kitu.

Halafu Mulama akatangaza mashindano. Wachezaji wanane, anayeshindwa anaenda nyumbani, zawadi ni redio kaseti. Ekisa mwenyewe alikuwa hawezi kucheza, vidole vyake vimezoea breki. Lakini alikaa nyuma ya benchi akitazama, na kabla ya kila mechi akatabiri. Mechi nne za kwanza akazipata zote nne. Basi. Kuanzia hapo, abiria akipanda baiskeli yake hakuulizwa anaenda wapi, aliambiwa nani atashinda. Watu walikuwa wanaweka dau la soda, la kilo ya sukari, la kuku, na kabla ya kuweka walikuja kwa Ekisa kama wanavyokwenda kwa daktari.

Ijumaa jioni, kesho yake ikiwa nusu fainali, alinikuta mlangoni nikibambua njugu. Sikumwita. Alijikalisha.

"Kukhu," akasema, kwa sababu hapa Burumba hata Wateso waliniita nyanya kwa lugha yetu, "kesho ni Bwire wetu wa hapa Busia na yule Kamanda wa Malaba."

"Sijauliza."

"Watu wote wanaweka kwa Bwire. Wamekosea. Sikiza. Bwire ana haraka. Anaingia tu, anamwaga risasi kama mtu anafukuza ndege kwa mtama. Anaishiwa, anabaki anakimbia kimbia. Sasa Kamanda ni taniboi, utingo wa lori. Lori inakaa Malaba siku tatu, siku nne, ikingoja karatasi za forodha. Taniboi atafanya nini? Anacheza gemu. Huyo mtu amefunzwa kungoja na serikali mbili! Anajificha nyuma ya ukuta, anatulia, ukipita, moja tu."

"Ekisa, chukua hayo maganda utupe."

Akachukua, akaendelea nayo mkononi. "Raundi ya kwanza atachukua Bwire, juu ya kelele ya watu wa nyumbani. Ya pili, sauti zimewaishia, Kamanda. Ya tatu Kamanda tena, lakini kwa shida, risasi kumi kwa saba. Na pedi ya kushoto ina kifungo kinakwama, mimi nimeiona, wenye kuweka waangalie nani anaketi kushoto. Tena nawaambia watu, msiweke kitu mnahitaji kesho. Weka kuku, usiweke jogoo."

"Wewe umeweka nini?"

Akajifanya hakusikia. "Pia Kamanda ameoa. Bwire hajaoa, anakuja kwa gemu na njaa. Kamanda anapikiwa, anakuja ameshiba, mkono hautetemeki."

"Ameoa wapi?"

"Kukhu, hiyo haihusu gemu."

Nakuapia, nilimuuliza. Kwa kinywa hiki.

Jumamosi saa nane mchana Adeke akaingia kwangu bila kubisha, mtoto mgongoni, leso imefungwa ovyo.

"Kukhu, ameweka baiskeli!"

"Nani ameweka baiskeli wapi?"

"Ekisa! Ameweka dau na Ogendo, yule wa samaki. Kamanda akishinda, Ogendo ananunulia yeye baiskeli ya pili. Kamanda akishindwa, Ogendo anachukua yetu. Mimi nimesikia sasa hivi kwa kisima, kutoka kwa watu! Hiyo baiskeli ndiyo nyumba, ndiyo unga, ndiyo kila kitu. Nimeenda kwa video wamenizuia mlangoni, wanasema wanawake hawaingii."

Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni. Nikaenda na hicho hicho. Sijui kama nilitembea au niliruka, lakini mbwa wa sokoni wanaonijua tangu wadogo walinipisha.

Kijana wa mlangoni akaniambia, "Mama, hapa hapana—" na sikujua mwisho wa maneno yake. Nikapita. Ndani giza, jasho, wanaume wamebanana kama omena kwenye debe. Bwire amekaa kushoto, mtu wa Malaba kulia, amenipa mgongo. Kusema haki, utabiri ulikuwa unakuja kama ulivyosemwa. Kila mmoja ana raundi moja, sasa ni ya tatu, Kamanda tisa, Bwire sita. Ilibaki risasi moja. Lakini mimi hizo hesabu niliambiwa baadaye. Mimi nilikuwa natafuta shingo ya Ekisa.

"Ekisa! Wee Ekisa mjinga! Toa hiyo baiskeli hapo kabla sijakutoa meno!"

Huyo Kamanda akageuka kutazama ni nani.

Alikuwa Okwara. Mume wa Jacinter, binti yangu wa mwisho. Mkwe wangu.

Sasa wewe msomaji unajua, na kama hujui, uliza kwenu: mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja aingie kichakani hata kama kuna nyoka, nyoka atasonga. Nilijua Jacinter ameolewa na taniboi wa Malaba. Jina la Kamanda ningelijulia wapi, na huyo mtu tangu siku ya kuleta ng'ombe wa mahari sijamtazama mara mbili?

Okwara alitupa pedi kama imemuuma. Akavuta shati kufunika uso, tumbo likabaki wazi, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Akatoka kwa dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa la kupitisha paka. Mimi nikajifunika leso kichwani, nikageuka mbio, nikagonga nguzo ya mlango, na ile nyumba hadi leo imeinama upande wa Uganda.

Nyuma yangu askari wa Okwara alibaki kwenye kioo amesimama wima kama sanamu ya shambani. Bwire, huyo wa haraka, hakuuliza kitu. Akampiga moja, mbili, tatu, nne. Kumi kwa tisa.

Kelele ilisikika mpaka kule mbali Angurai.

"Irudiwe!" Ekisa alikuwa analia machozi ya kweli. "Mulama, irudiwe! Mtu ametoroka mama mkwe, hajashindwa!"

"Sheria nilisoma mbele ya wote," Mulama akasema. "Ukiacha pedi, mchezo unaendelea."

"Boss, leta ufunguo wa kufuli ya baiskeli," Ogendo akamwambia Ekisa, bila hata kupandisha sauti.

Ekisa akanifuata hadi nyumbani. "Kukhu, umeniua. Umeniua mchana."

"Mimi? Uliangalia vidole, ukaangalia pedi, ukaangalia sufuria ya mke wake. Nikakuuliza ameoa wapi!"

"Hakuna mtu anatabiri mama mkwe!"

"Ndiyo maana unatembea."

Alitembea kweli, siku nne, akibeba magunia kwa kichwa. Adeke hakumpigia kelele, na hiyo ndiyo ilinisumbua. Usiku mzima nilikuwa nasikia ukuta wao umenyamaza.

Alhamisi wakaja wazee wawili kutoka kwa kina Okwara na mbuzi. Ni desturi: mkwe akimwonyesha mama mkwe aibu kama ile, analeta mbuzi kuosha macho. Na alikuwa mbuzi! Pembe zake zilifika Burumba asubuhi, yeye mwenyewe akafika saa sita. Nilikuwa nimeshajua ningemfunga wapi. Nilikuwa nimeshampa jina.

Nikashika kamba, nikaenda naye kwa Ogendo. Nilimkuta anapaka magoti dawa.

"Umeanguka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara tatu, mama. Na samaki."

"Chukua mbuzi. Yeye hapandwi."

Akamzunguka huyo mbuzi mara mbili, akashika mgongo wake, akatazama baiskeli, akatazama magoti. Akanipa ufunguo.

Siku hizi ufunguo unakaa kifuani mwa Adeke. Asubuhi anamfungulia, jioni anafunga, na Ekisa haulizi.

Jana jioni alikuja tena mlangoni kwangu, mpole sana, akaanza kubambua njugu bila kuambiwa.

"Kukhu, Mulama ameongeza mechi, Jumamosi Kamanda anacheza kutafuta nambari tatu. Mimi siweki kitu, ni watu wanataka tu utabiri. Wewe utakuwa wapi?"

"Angurai," nikamwambia. "Kwa dada yangu. Narudi Jumapili."

Akashukuru, akaondoka haraka kwenda kuwaambia watu wake.

Mimi sina dada Angurai.