Wali Baridi wa Msasani

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa sekondari Ifakara, nilikula samaki mbichi mara mbili kwa siku mbili mfululizo, na mara zote nilialikwa na mtu yuleyule. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba sikujipeleka.

Mtu huyo alikuwa afisa kilimo. Tulikuwa marafiki wanne tuliozoea kukutana Jumapili baada ya misa: yeye, mimi, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko, na muuguzi mmoja mzaliwa wa Idete ambaye afisa alikuwa akimchumbia. Mwaka ule afisa alipelekwa Japani kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga. Aliondoka mtu wa kawaida. Aliporudi, hakuweza kuomba hata chumvi bila kutaja Japani. Kule treni hazichelewi. Kule watu hawapigi kelele barabarani. Kule mchele una heshima yake. Hilo la mchele ndilo lililonikera kuliko yote, maana alikuwa akiwaambia watu waliolelewa katikati ya majaruba kwamba hawajawahi kula wali.

"Nyinyi mnashiba tu," alisema Jumapili moja. "Kula hamjui."

"Basi tufundishe," fundi redio akamjibu, akitania.

Yeye hakuona utani. Akatangaza palepale kwamba mwisho wa wiki tutakwenda Dar es Salaam, gharama zote juu yake. Kulikuwa na mikahawa miwili mikubwa ya Kijapani, na angetupeleka yote miwili tukale sushi kama watu waliostaarabika. Muuguzi alinivuta pembeni, tukabaki sisi wanawake wawili.

"Twende, mwalimu," akaninong'oneza. "Nadhani anataka kunivisha pete."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja zamu yake ya wodini. Nilipaswa kuuliza zaidi, lakini kanisani walikuwa wanafunga milango na watu walikuwa wanatusukuma.

Treni ilichelewa, na afisa akatutazama kama vile sisi ndio tuliokuwa tunaiendesha. Tulipofika Mang'ula tukanunua ndizi dirishani. Yeye akakataa, akasema anataka ulimi wake ubaki safi kwa ajili ya kesho. Sijawahi kusikia ndizi ikitukanwa namna ile. Fundi redio alikula na ile ya afisa.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa Msasani, ndani ya ua wenye kokoto nyeupe zilizofagiliwa kwa mistari, mistari ambayo kuku mmoja tu wa Ifakara angeimaliza kwa dakika. Mlangoni tuliambiwa tuvue viatu. Tukavua. Ndani hakukuwa na viti. Tukaambiwa tukae chini, juu ya mikeka. Mhudumu aliyevaa kanzu ya maua yenye mkanda mpana kiunoni akatuletea vitaulo vya moto vya kufutia mikono. Kisha ukaja wali, na juu ya wali, samaki.

Nilitazama huku na huku. Tumevua viatu, tumekaa mkekani, tumesafisha mikono, tumeletewa wali na samaki. Nilikuwa nimesafirishwa kutoka Ifakara hadi baharini ili nifanye kile ambacho kila nyumba ya bonde letu hufanya mchana, tofauti ikiwa kwamba sisi tunakumbuka kuwasha moto.

"Mkeka mzuri," nikasema.

"Si mkeka, mwalimu. Ni tatami."

"Umefumwa kwa nini?"

"Majani."

"Ahaa."

Afisa akaanza somo. Vijiti hushikwa hivi, si vile. Samaki ndiye anayechovywa kwenye mchuzi wa soya, si wali. Ile rojo ya kijani huchukuliwa kidogo sana. Usiongee ukiwa unatafuna. Tonge lenyewe lilikuwa dogo kama la mtoto anayeachishwa ziwa, baridi, limetiwa siki, na juu yake kimelala kipande cha samaki aina ya changu kilichokatwa chembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake. Kwetu samaki wa hivyo ni riziki ya paka. Nililimeza bila kutafuna, na afisa akaniambia kwamba nimepoteza ladha yote.

Kwenye meza ya jirani walikaa vijana wa mjini waliotaka kila mtu ajue kwamba wanapajua. Mmoja alifumba macho kila alipotia tonge mdomoni, kama anayepokea komunyo. Nilimtazama muda mrefu, nikitumaini ataniona.

Muuguzi alihangaika na vijiti. Tonge lilimponyoka mara ya kwanza, likamponyoka tena. Mwishowe akaweka vijiti chini, akalichukua kwa vidole vyake, akala. Akatabasamu. "Tamu," akasema. Akachukua la pili.

Afisa akamsogelea. "Usinitie aibu," akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. "Hapa si kijijini."

Muuguzi hakugeuka. Alimaliza kutafuna, akafuta vidole kwenye kile kitaulo, kisha akasema, "Mama yako alikwenda kuazima kiti."

Sote tulijua anazungumzia nini, kwa sababu sote tulikuwepo. Mara baada ya kurudi kutoka Japani, afisa alitupeleka kijijini kwao, ng'ambo ya mto, ili mama yake amwone mchumba. Yule mama wa Kipogoro alifurahi mno. Alitandika mkeka wake mpya, akapakua wali uliopikwa kwa nazi na kambale wa kubanikwa, akatunawisha mmoja mmoja kwa mikono yake. Sisi tulikaa. Mwanawe akabaki amesimama. "Mama, mimi siku hizi sikai chini," akasema. "Suruali itakunjika." Mama akasema, "Nisamehe, mwanangu," akatoka mbio na jua lile, akarudi na kiti cha jirani kichwani. Afisa alikula akiwa juu yetu, sahani magotini, akitumia uma, na mama yake akila chini karibu na viatu vyake.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa amekunja miguu mkekani Msasani, suruali ikijikunja ipendavyo.

"Hayo ni mambo mawili tofauti," akasema.

"Tofauti yake nini?" muuguzi akauliza.

"Huu ni utamaduni."

"Na ule ulikuwa nini?" fundi redio akauliza, mdomo umejaa.

Mhudumu alileta bakuli za supu, tukanywa, na mtu pekee aliyesikika akinywa alikuwa fundi redio.

Jumapili muuguzi alisema anakwenda misa, kisha kwa shangazi yake Ilala, tutakutana stesheni. Afisa hakumbembeleza. Alitwambia kwamba mkahawa wa jana haukuwa wa kweli, ndiyo maana mambo yaliharibika. Wa leo, ulio ndani ya hoteli, una mpishi Mjapani anayekata samaki mbele yako. Kumbe makosa yalikuwa ya mpishi.

Tukaketi watatu mbele ya kaunta ndefu ya mbao. Afisa akainama mbele ya mpishi, akatamka maneno ya Kijapani, marefu, ambayo bila shaka alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu kwenye treni. Mpishi akainama pia, kisha akajibu kwa Kiswahili kizuri tu: "Karibuni sana. Leo kuna jodari." Afisa akarudia tena Kijapani. Mpishi akarudia tena jodari.

Niseme ukweli: yule jodari alikuwa mtamu. Alikuwa mwekundu, mlaini, na aliyeyuka kabla sijajiandaa kumchukia. Jambo hilo liliniudhi kuliko samaki wote wa jana, na nilijizuia uso usionyeshe chochote.

Afisa mwenyewe hakuwa akila. Alitoa kisanduku kidogo mfukoni, akakiweka kwenye kaunta karibu na sahani yangu.

"Mpelekee wewe, mwalimu. Wewe anakusikiliza."

"Pete haipelekwi kama dawa ya minyoo," nikamwambia. "Kampe mwenyewe."

"Amekasirika kwa jambo dogo. Wewe mwanamke mwenzake, mweleweshe. Mtu akishatembea, anabadilika."

"Umebadilika nini hasa?"

Alifikiri kwa dhati, nampa sifa hiyo. "Sasa naijua thamani ya vitu," akasema.

Fundi redio, ambaye hakuwa na kawaida ya kumkasirikia mtu, alishuka kwenye kiti chake akaenda kusubiri nje.

Afisa alimpa muuguzi ile pete mwenyewe, kwenye treni, tulipokwisha kuvuka Mzenga na mabehewa yametulia. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa muuguzi na sikuombwa kuondoka. Alifungua kisanduku, akasema maneno mazuri, lazima nikiri, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hayakuwa na Japani ndani yake.

"Hapana, kaka," muuguzi akamjibu.

Neno hilo *kaka* lilimshtua kuliko *hapana*. Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo naye.

"Kwa sababu ya kiti tu?"

"Kwa sababu ya mama. Alikuomba msamaha, na wewe ukaupokea."

Afisa alifunga kisanduku, akakaa akitazama nje hadi vilima vikaanza kuonekana. Tulipofika Ifakara alitaka kumbebea muuguzi mkoba wake. Muuguzi akamshukuru, akampa fundi redio aubebe. Afisa akatangulia peke yake, akipita kati ya wauza karanga bila kumjibu hata mmoja.

Baada ya mavuno aliomba uhamisho, akapelekwa Morogoro mjini. Nasikia huko anasimulia kwamba aliishi bondeni kwa watu wagumu wasiopenda maendeleo. Muuguzi aliendelea kwenda kumsalimu yule mama kila alipokuwa na nafasi, akimpelekea sukari na sabuni, na mama hakuwahi kumuuliza kwa nini hakuwa mkwe. Mimi niliendelea kufundisha. Jumapili tukabaki watatu, na mazungumzo yakawa mazuri zaidi.